Ukitaka kumsoma Natalia Ginzburg, anzia Abruzzo

Ukimuulizia Ginzburg, mwandishi wa Italia, wengi watakuelekeza kwenye Lessico famigliare, yaani msamiati wa nyumbani, kitabu cha kumbukumbu za familia yake kilichompa tuzo ya fasihi ya Strega mwaka 1963. Nami nilianzia hapo. Majina yakanizidi: kaka, shangazi, maprofesa, marafiki wa Turin waliopinga ufashisti. Nikachukua daftari nikawa nachora ukoo wao. Nilikisoma hadi mwisho nikabaki mkavu, na niliyefanya kosa ni mimi.

Wewe anza na insha fupi, "Inverno in Abruzzo", yaani majira ya baridi Abruzzo, aliyoiandika mwaka 1944. Imo katika mkusanyiko wa Le piccole virtù, na utaimaliza kabla chai haijapoa. Mumewe, Leone, mmoja wa waasisi wa kampuni ya uchapishaji ya Einaudi, alihamishwa kwa lazima na serikali ya Mussolini mwaka 1940, akapelekwa kijiji cha Pizzoli, mkoani Abruzzo, katikati ya Italia. Natalia akamfuata na watoto. Insha inakuonyesha theluji, jiko la kijani, na tai aliyechorwa darini ambaye Natalia humtazama akiwaza kwamba uhamisho ndio huo. Yumo fundi cherehani anayeigawa dunia mafungu mawili: wanaochana nywele na wasiochana, maana wasiochana wana chawa. Unasoma unatabasamu, kisha aya ya mwisho inakuambia Leone alifia katika gereza la Regina Coeli, Roma, miezi michache baada ya kuondoka kijijini.

Kaa na hiyo siku mbili tatu. È stato così, riwaya ya mwaka 1947 inayoanza na mwanamke aliyekwisha kumpiga mumewe risasi, isubiri. Caro Michele, ya barua, nayo isubiri.

Sasa fungua Lessico famigliare, na daftari liache kabatini. Jina likikupotea, lipotee, litarudi. Kinachobeba kitabu ni maneno ya watu wa nyumba ile. Baba, profesa wa anatomia, anaamka saa kumi alfajiri na jambo la kwanza ni kwenda kuangalia kama mtindi wake umeganda. Anawafokea watoto, anawaburuta milimani. Natalia anasema yeye na ndugu zake wanne wakitamka msemo mmoja tu wa utotoni, watatambuana hata katika giza la pango, kati ya mamilioni ya watu. Kwetu mtu akisema "sufuria imemwona mgeni", sisi ndugu tunajua chakula hakitoshi na asithubutu mtu kuomba nyongeza. Kwa hiyo misemo yao isome kwa sauti, tena polepole. Mwenyewe ameandika mwanzoni kwamba hakubuni chochote, ila anaomba kisomwe kama riwaya.

Na kuhusu yeye mwenyewe hasemi mengi. Ukifika kwenye kifo cha Leone, usitarajie sura nzima. Anakitaja kwa maneno machache: gereza, Wajerumani, Februari ya baridi kali. Kisha anaendelea na habari nyingine. Aliyepita Abruzzo kwanza, akaliona lile jiko na yule tai, hapo atasimama, maana anajua ni nyumba gani imebomoka. Mimi mara ya kwanza nilipapita bila kupaona. Nilikuwa nimeinamia daftari.