Kwa nini kaka yenu bado yuko Tabora

Mama, shikamoo. Wifi zangu na shemeji, habari za hapo Ipuli.

Wiki iliyopita wifi aliniuliza kwenye simu, Mama akiwa pembeni: "Ndoa inaingia mwaka wa tatu. Unamleta kaka yetu au humleti? Au umeshapata mwingine huko?" Swali hilo halijibiki kwa vocha ya dakika kumi, na mbele ya Mama sikutaka kujibu nusunusu. Najibu sasa kwa urefu. Wengine hapo Tabora wenye binti au kijana wao Uingereza wasome pia, maana najua nyumba nyingi zina swali hilihili.

Sina mwingine. Habari za kumtafutia mume wangu mke Urambo zimenifikia, na zimeniuma kuliko kisu cha daktari. Kinachotutenganisha ni mshahara wangu, na hasa namna serikali ya huku inavyoupima.

Mtu mwenye kibali cha kudumu kama mimi anaruhusiwa kumwombea mwenzi wake viza. Lakini lazima aonyeshe kwamba anaingiza angalau pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Tangu Julai 2012 kiwango kilikuwa pauni 18,600. Sisi tulifunga ndoa Desemba 2023, tukawa tunakusanya pesa za ada, na tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kikapandishwa hadi 29,000. Waliokuwa wameshaomba kabla ya siku hiyo wameendelea na kile cha zamani. Sisi tuliangukia upande wa pili.

Mama ataona pauni 29,000 ni pesa za kawaida kwa mtu wa Ulaya, kwa hiyo naomba nipige hesabu waziwazi. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Ukifanya kazi saa 37 na nusu kila wiki, bila kukosa hata wiki moja, unapata pauni 23,800 na kidogo kwa mwaka. Maana yake mtu anayefanya kazi muda wote, anayelipa kodi na hana deni na mtu, haruhusiwi kumleta mume wake kwa mshahara huo. Mimi nilikuwa kwenye kazi ya kea, kuhudumia wazee, kupitia wakala wa ajira, na nilipata zaidi kidogo ya kima cha chini. Ili nisogelee 29,000 ilibidi nichukue zamu za usiku na za Jumapili. Nilikuwa nazichukua. Zile picha nilizotuma nimevimba macho zilitoka kipindi hicho.

Halafu Mei 2025 nikafanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Mama unajua, kwa sababu wewe ndiye uliyefunga siku ile kuniombea. Kidonda kikapata maambukizi, nikakaa nje ya kazi muda mrefu kuliko alivyotarajia daktari.

Hapa ndipo watu wa nyumbani wanapoelewa vibaya, na siwalaumu, kwa sababu sisi tulio huku tunapenda kutuma picha nzuri tu. Wanasema: "Huko ukiumwa serikali inakulipa." Hospitali kweli hainidai chochote, kuanzia kitanda hadi chumba cha upasuaji, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini malipo ya ugonjwa ambayo sheria inamlazimisha mwajiri kutoa yalikuwa pauni 118.75 kwa wiki, na siku tatu za kwanza hazikulipwa kabisa. Kwa shilingi inasikika kubwa, inakaribia laki nne kwa wiki. Chumba ninachopanga ni pauni 600 kwa mwezi, na malipo hayo ya mwezi mzima hayakufikia kodi ya chumba, sijala, sijapanda basi. Miezi ile niliyotuma elfu hamsini badala ya laki na nusu, mkanuna, ilikuwa imetoka kwenye akiba ya ada ya viza.

Watu hawaumwi kwa hali moja huku. Muuguzi aliyeajiriwa moja kwa moja na hospitali ya umma ya England, hata akiwa mwaka wake wa kwanza, akiumwa hulipwa mwezi mmoja mshahara kamili na miezi miwili nusu, na kadiri anavyokaa kazini muda huo unaongezeka. Mshahara wake wa kuanzia mwaka 2025/26 ulikuwa pauni 31,049, tayari ulishavuka kiwango. Mtu wa wakala hana kinga hiyo. Kwa hiyo mkisikia mtoto wa jirani yenu amemleta mkewe ndani ya mwaka mmoja, ulizeni kwanza ameajiriwa na nani kabla ya kunipima naye.

Sasa nieleze ugonjwa ulivyoharibu hesabu, kwa sababu pesa zilizopotea ni sehemu tu.

Anayelipwa kwa saa hupimwa kwa wastani wa miezi sita ya mwisho. Ukiwa na miezi minne ya kazi na miwili ya kitandani, wastani unaporomoka. Kanuni yenyewe ina huruma kidogo, nisiifiche: aliyekuwa likizo ya ugonjwa anaweza kuomba ahesabiwe kwa kipato cha kabla ya likizo kuanza, akileta barua ya mwajiri inayothibitisha likizo hiyo, salari slipu na taarifa ya benki. Namfahamu dada mmoja wa Mwanza aliyepita kwa njia hiyo. Mimi wastani wangu wa kabla ya kuumwa ulikuwa kama 27,000, kwa sababu zamu za wakala hazitabiriki. Ule mlango upo, lakini kwangu ulikuwa mfupi.

Daktari akasema nisinyanyue tena mtu mzima kitandani kwa muda mrefu. Kea bila kunyanyua haipo. Nikatafuta kazi ya ofisini, na Oktoba nikaipata: napanga zamu za wafanyakazi kwenye nyumba ya wazee, mshahara pauni 28,500 kwa mwaka, wa kudumu. Mlinipongeza na nilifurahi. Ila kubadilisha mwajiri kunaanzisha hesabu upya. Lazima nikae na mwajiri huyu miezi sita kamili ndipo mshahara wake upimwe peke yake. Kama ningeomba mapema, wangetaka pia kuona kwamba katika miezi 12 iliyopita nilipokea jumla ya 29,000, na ndani ya hiyo miezi 12 mna ule ugonjwa wote. Kungoja ndiyo njia pekee iliyobaki.

Shemeji alipendekeza tuuze ng'ombe. Nimeguswa sana, na kaka yenu alitoa machozi aliponieleza. Lakini akiba huanza kuhesabiwa ikishavuka pauni 16,000. Zile 16,000 za kwanza hazihesabiwi, na kila pauni 1 inayopungua kwenye mshahara inafidiwa na pauni 2.50 za akiba. Mimi napungukiwa 500, kwa hiyo ningehitaji akiba ya pauni 17,250. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni hamsini, na zingetakiwa zilale benki kwa jina langu au la mume wangu miezi sita bila kuguswa. Za mkopo hazikubaliwi. Ng'ombe wa Mama wabaki zizini.

Wengine wamependekeza rafiki aniwekee pesa kwenye akaunti kwa siku chache, au mwajiri aniandikie barua yenye mshahara mkubwa. Sitafanya. Barua, salari slipu na benki vinalinganishwa kimoja kimoja, na atakayekutwa na udanganyifu anaweza kufungiwa kuomba hadi miaka 10. Sitaki kuitupa miaka 10 ya ndoa yangu kwa barua ya uongo.

Na biashara ya kaka yenu ya spea za pikipiki? Haihesabiwi. Akiomba akiwa nje ya Uingereza, anachoingiza kwa kazi yake huko si chochote kwao, hata kama anauza kuliko wote stendi. Hilo mimi naliona ni uonevu, na nitaendelea kulisema.

Kuna kitu kimoja kutoka Tabora kinachohesabiwa, na hiki ndicho nataka kukiomba: kodi ya nyumba. Vile vyumba vinne alivyojenga kaka yenu vina hati ya jina lake. Wapangaji wanalipa elfu sitini kila chumba, laki mbili na arobaini kwa mwezi. Kodi ya nyumba ya mwenzi, hata ikiwa Tanzania, inaweza kujumlishwa na mshahara wangu, mradi kuna mkataba wa upangaji na pesa inaonekana ikiingia benki ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba. Miezi minane ya kodi hiyo ni zaidi ya zile pauni 500 ninazopungukiwa.

Tatizo ni kwamba wapangaji wanampa Mama mkononi. Mama, najua pesa hiyo ndiyo sukari yako, dawa yako ya presha na ada ya mjukuu. Haiondoki. Ninachoomba ni kwamba kuanzia mwezi huu wapangaji waweke kwenye akaunti ya benki ya mwanao, kila mmoja kwa jina lake, na siku hiyohiyo atoe akuletee yote. Nimeongea naye, amekubali. Mikataba iandikwe, isainiwe, mjumbe ashuhudie. Mpangaji wa chumba cha mwisho anayelipa akijisikia, aambiwe kwamba kuanzia sasa tarehe ina maana.

Wakati huo sisi tunatafuta ada. Ombi lenyewe lilikuwa pauni 1,938 kwa bei ya Aprili 2025, na mchango wa huduma za afya pauni 1,035 kwa kila mwaka, ambao kwa viza hii unalipwa wa miaka mitatu kwa mkupuo, 3,105. Jumla inapita pauni 5,000, na hapo hatujagusa kipimo cha kifua kikuu, mtihani wake wa Kiingereza na nauli. Wakikataa ombi, ile ada ya kwanza hairudi. Ndiyo maana siwezi "kujaribu tu bahati" kama wifi alivyosema. Natarajia Agosti tuwe tumekamilisha kodi na ada vyote viwili, na nimetaja Agosti kwa sababu nimeihesabu.

Kuhusu mdogo wetu kuja pamoja naye: hakuna viza ya kumleta ndugu mtu mzima kwa udugu peke yake. Ipo ya mzazi, hata ya ndugu, lakini ni kwa asiyejiweza kuoga wala kula mwenyewe, na ambaye matunzo hayo hayapatikani Tanzania hata mimi nikilipia. Mama anakwenda sokoni kwa miguu yake na kurudi. Nataka abaki hivyohivyo miaka mingi.

Wifi, umeniuliza mbele ya Mama, nami nimejibu mbele ya wote. Cheti cha ndoa cha RITA kipo kwa kaka yenu, kwenye bahasha ya kaki. Nakuomba wewe, kwa kuwa unafanya kazi karibu na benki, umsindikize Jumatatu akaulize kama akaunti yake ya zamani bado iko hai, na nipigie ukishatoka.