Maswali ya Wasomaji: Maabara Hujuaje Kama Dawa ya Malaria Bado Inaua Vimelea?

SWALI: Mhariri, nilimaliza dozi yote ya dawa mseto nikapona, lakini baada ya wiki tatu hivi malaria ikarudi. Mtu mwenye maambukizi ya njia ya mkojo huoteshewa bakteria wake maabara na kuambiwa ni dawa ipi itakayowaua. Kwa nini mgonjwa wa malaria hafanyiwi hivyo?

JIBU: Ndugu msomaji, sababu ya kwanza ni maumbile ya kimelea chenyewe. Bakteria wengi huota usiku mmoja tu kwenye sahani ya maabara yenye chakula cha kawaida, ilhali Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha malaria iliyo kali zaidi, huhitaji chembe hai nyekundu za damu ya binadamu, na humo huchukua takriban saa 48 kukamilisha mzunguko mmoja wa kukua na kuzaliana. Ni mwaka 1976 tu ambapo William Trager na James Jensen, wakiwa New York, walitangaza njia ya kukiotesha maabara kwa muda mrefu bila kukatika, na hata sasa baadhi ya sampuli zinazotoka kwa wagonjwa hugoma kuota. Majibu hupatikana baada ya siku moja hadi tatu, wakati mwingine zaidi, na mgonjwa wa malaria hawezi kusubiri kiasi hicho bila matibabu. Ndiyo maana vipimo hivi hufanywa kwa ajili ya kuamua ni dawa gani itumike katika nchi au eneo zima, si kwa ajili ya kumchagulia dawa mgonjwa mmoja.

Jambo la pili ni kwamba ugonjwa kurudi baada ya wiki tatu hakuthibitishi usugu. Huenda umeumwa na mbu mwingine ukapata maambukizi mapya. Huenda sehemu ya dozi ilitapikwa. Na kama dawa yako ilikuwa na lumefantrini, huenda haikufyonzwa vya kutosha kwa sababu ilimezwa bila chakula chenye mafuta. Watafiti wanaofuatilia wagonjwa kwa siku 28 au 42 baada ya tiba hulinganisha DNA ya vimelea vya siku ya kwanza na ya vile vilivyoonekana baadaye, ili watenganishe maambukizi mapya na yale yaliyoshindwa kupona. Homa ikirudi, nenda kituo cha afya mapema, upimwe tena, na ueleze ulitumia dawa gani na lini, kwa kuwa maelezo hayo ndiyo yatakayomwongoza mhudumu katika kuchagua dawa inayofuata.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya maabara. Nimesoma ripoti mbili zinazotoa namba tofauti za IC50 kwa aina ileile ya kimelea na dawa ileile. Niamini ipi, na kipimo chenyewe hufanywaje?

JIBU: Inawezekana kabisa zote mbili ni sahihi, na ukifuata hatua za kipimo utaona kwa nini.

IC50 ni kiasi cha dawa kinachopunguza ukuaji wa vimelea kwa nusu, ukilinganisha na vimelea vilivyokua bila dawa. Mpimaji huchukua sahani ya plastiki yenye visima 96 na kuweka dawa kwa viwango vinavyopungua hatua kwa hatua, huku akiacha baadhi ya visima bila dawa yoyote. Kisha huongeza chembe nyekundu za damu zenye vimelea vichache, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 1 ya chembe zote zikiwa na maambukizi, pamoja na kimiminika cha kuoteshea kiitwacho RPMI 1640. Sahani hukaa katika joto la nyuzi 37 za Selsiasi, ndani ya hewa yenye oksijeni kidogo na kabonidioksaidi iliyoongezwa. Ukuaji wa kila kisima hupimwa, na namba zake huchorwa katika mkunjo ambao ndani yake IC50 husomwa.

Njia za kupima ukuaji zimebadilika sana. Katika kipimo cha Shirika la Afya Duniani kilichotokana na kazi ya Karl Rieckmann na wenzake ya mwaka 1978, mtu hukaa kwenye hadubini baada ya takriban siku moja, akitazama damu iliyopakwa kwenye slaidi na kutiwa rangi ya Giemsa, na katika kila vimelea 200 anahesabu vile vilivyofikia hatua ya skizonti, yaani vyenye viini vitatu au zaidi. Kazi hiyo huchosha macho, na wahesabuji wawili wanaweza kutofautiana kama kiini kinachoonekana ni cha pili au cha tatu. Mwaka 1979 Robert Desjardins na wenzake walileta njia ya haipozantini yenye mnururisho: kimelea hakiwezi kujitengenezea purini, yaani malighafi ya DNA, hivyo hulazimika kunyonya haipozantini kutoka nje, na kadiri kinavyokua ndivyo mnururisho unavyokusanyika ndani yake. Njia hiyo ni sahihi sana, lakini vifaa vyake ni ghali na taka zake ni hatari. Tangu mwaka 2004 maabara nyingi zimehamia kwenye rangi ya SYBR Green I, ambayo hung'aa inapojishika kwenye DNA. Kwa kuwa chembe nyekundu za damu ya binadamu hazina kiini, karibu DNA yote inayong'aa ni ya vimelea, mradi chembe nyeupe ziwe zimeondolewa vizuri.

Sasa tazama ni mambo mangapi yanaweza kusogeza namba. Ukiongeza wingi wa vimelea au wa chembe za damu katika kisima, dawa hugawanywa kwa wengi na IC50 ya dawa kama klorokwini hupanda. Kiasi cha oksijeni, muda wa saa 48 au 72, umri wa vimelea wakati wa kuanza, na iwapo umetumia seramu ya binadamu au mbadala wake, vyote vina nafasi. Kwa dawa zinazozuia foleti (vitamini ambayo kimelea huihitaji kutengeneza DNA), kama pirimethamini, RPMI ya kawaida ina asidi ya foliki na PABA, yaani malighafi ya foleti, kwa wingi unaokipa kimelea njia ya kuikwepa dawa, hivyo lazima itumike ile iliyopunguzwa viambato hivyo. Proguanili nayo hubadilishwa na ini kuwa saikloguanili, na maabara haina ini, kwa hiyo mpimaji anayetaka kujua nguvu ya dawa hiyo hupima saikloguanili yenyewe.

Kwa maoni yangu, ripoti isiyotaja mambo hayo na isiyoonyesha matokeo ya vimelea vya rejea, yaani vile ambavyo namba zake zinajulikana tayari, vilivyopimwa siku ileile haifai kulinganishwa na nyingine. Ukiona 3D7, ambayo huathirika na klorokwini, na Dd2, ambayo ni sugu, zimetoa namba zilizotarajiwa, hapo una msingi wa kuamini namba ya sampuli iliyo kati yake.

SWALI: Nimesikia kwamba usugu dhidi ya artemisinini hauonekani kwenye IC50. Usugu gani huo usioonekana maabara?

JIBU: Unaonekana, lakini kwa kipimo kingine. Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa wa Pailin, magharibi mwa Kamboja, ambao vimelea vyao vilichelewa kutoweka kwenye damu baada ya kupewa artesuneti, dawa ya jamii ya artemisinini, huku vipimo vya kawaida vya maabara visionyeshe upungufu unaolingana na hali hiyo. Sababu ni kwamba usugu huu umo katika hatua ya pete, yaani saa za mwanzo kabisa baada ya kimelea kuingia kwenye chembe ya damu. Pete hizo hupunguza shughuli zao na kungoja. Mwilini artesuneti hugeuka kuwa dihidroartemisinini, nayo hupungua kwa nusu katika muda wa takriban saa moja, hivyo kimelea kinachoweza kuvumilia saa chache tu huamka na kuendelea kukua. Katika kipimo cha IC50 dawa hukaa na kimelea siku mbili au tatu mfululizo, kwa hiyo hata kile kilichojificha mwanzoni hupatwa baadaye.

Mwaka 2013 Benoît Witkowski na wenzake walitoa kipimo kinachofuata mwenendo huo. Vimelea vilivyoingia kwenye chembe za damu ndani ya saa 3 zilizopita hupewa dihidroartemisinini ya nanomola 700 kwa saa 6 tu, dawa huoshwa, na baada ya vimelea kuachwa vikue hadi saa 72 tangu kipimo kuanza, vilivyo hai huhesabiwa na kulinganishwa na vile ambavyo havikupewa dawa. Vikizidi asilimia 1, hiyo ni dalili ya usugu. Ugumu mkubwa uko kwenye kuvipata vimelea vya umri mmoja, kwani vilivyochanganyika umri huharibu hesabu yote, na hesabu yenyewe inadai kupitia maelfu ya chembe kwenye slaidi ili kupata vimelea vichache vilivyo hai.

SWALI: Je, kipimo cha jeni hakiwezi kuchukua nafasi ya hivi vyote?

JIBU: Kwa ufuatiliaji wa maeneo mapana kinafaa sana, kwani tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi ya chujio linatosha, wakati kuotesha kunahitaji vimelea vilivyo hai. Mabadiliko kama C580Y katika jeni ya K13, na R561H iliyoonekana Rwanda, huhusishwa na usugu dhidi ya artemisinini, na K76T katika jeni ya pfcrt huhusishwa na klorokwini. Lakini jeni huonyesha tu mabadiliko ambayo tayari tunayajua maana yake. Badiliko jipya la K13 linapopatikana, bado ni lazima mtu aoteshe vimelea vyenye badiliko hilo, avipe dawa kwa saa 6, na ahesabu vilivyobaki hai.