Wasomaji Wanauliza: Ramani ya Maporomoko ya Ardhi Inasema Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, wataalamu walipita kijijini kwetu wakapima miteremko na kuwauliza wazee habari za maporomoko ya zamani. Ramani waliyoileta baadaye imepakwa rangi nyekundu mlimani kote, ilhali sisi tunaokaa bondeni tumo kwenye kijani. Je, tulale bila hofu?
Msomaji, Lushoto, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kulala ulizeni kwanza kama ramani hiyo inaonyesha tu mahali ambapo udongo unaweza kumeguka, au inaonyesha pia njia utakayopita na mahali utakapotua, kwa sababu hizo ni kazi mbili tofauti na mara nyingi hufanyika ile ya kwanza peke yake. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang mkoani Manyara ilimeguka, na tope lililochanganyika na mawe na magogo likafuata makorongo mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani, ambako zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Wengi wao walikuwa chini ya mlima, si kwenye mteremko mkali. Ramani inayotazama ukali wa mteremko pekee ingeweza kuwapaka kijani kama ninyi.

Ramani ya namna hii huanzia kwenye orodha ya maporomoko yaliyokwisha kutokea. Makovu yake hutafutwa kwenye picha za angani na kukaguliwa kwa miguu, kisha hulinganishwa na mwinuko, aina ya mwamba, kina cha udongo, matumizi ya ardhi na mahali ambapo mlima umekatwa ili kupitisha barabara. Panapofanana na palipoporomoka zamani ndipo panapopakwa nyekundu. Kwa hiyo ubora wa ramani hauwezi kuzidi ubora wa orodha yake, na orodha hizo zina upungufu unaojulikana: poromoko lililofunga barabara huandikwa, lakini lile lililobeba shamba la mtu mbali na barabara hufunikwa na vichaka katika miaka michache na kusahauliwa. Ndiyo maana wazee wenu waliulizwa, na mimi naona ni sehemu ya kazi isiyofaa kufanywa kwa haraka.

Ulizeni pia vipimo vya mwinuko vilitoka wapi. Vile vinavyopatikana bure kutokana na chombo cha anga cha Marekani kilichopima dunia mwezi Februari 2000 huigawa ardhi katika miraba ya takriban mita 30 kila upande, na korongo jembamba linalopita nyuma ya nyumba zenu linaweza kumezwa ndani ya mraba mmoja. Jambo la mwisho ni kwamba rangi nyekundu peke yake haitaji wakati. Inasema ni wapi, haisemi ni lini.

SWALI: Tunasikia kwamba setilaiti huona mlima ukisogea hata kwa milimita chache. Kwa nini basi hatuonywi mapema?
Msomaji, Kapenguria, Kenya

JIBU: Ni kweli kwamba rada za setilaiti za Sentinel-1 za Shirika la Anga la Ulaya hupenya mawingu, hufanya kazi usiku na mchana, na kwa kulinganisha mawimbi ya safari mbalimbali hutambua msogeo mdogo sana. Hufaa kwa ardhi inayotambaa polepole, kama ile ya mtaa wa Funu mjini Bukavu, Kongo, ambako mteremko unasogea pamoja na nyumba zilizojengwa juu yake. Lakini penye msitu au mashamba majani hubadilika kati ya safari moja na nyingine, na ulinganisho huo huvurugika. Zaidi ya hayo, setilaiti moja hurudi mahali palepale kila baada ya siku 12, wakati maporomoko ya Novemba 2019 huko kwenu Pokot Magharibi yalishuka ghafla katika mvua ya usiku mmoja.

Kwa maporomoko ya ghafla, kipimo chenye manufaa zaidi ni mvua yenyewe, mradi kifaa cha kuipimia kiwe juu mlimani, kwa sababu mvua ya mjini si mvua ya kileleni. Penye ufa, pigilieni kigingi kila upande, mpime umbali kati yake kila asubuhi na kuuandika. Ukiona unaongezeka kwa kasi inayozidi ya jana, ondokeni kisha ndipo mpige simu. Na mto ukipungua maji ghafla huku mvua inanyesha, msiende kutazama kilichouziba.

SWALI: Je, kupanda miti kunatosha?
Msomaji, Mbale, Uganda

JIBU: Mizizi hushika tabaka la juu la udongo, na huko hupunguza maporomoko mengi madogo. Poromoko linaloanzia chini ya kina cha mizizi hubeba udongo na miti yake pamoja. Kwenye miteremko ya Elgon, ambako kijiji cha Nametsi wilayani Bududa kilifukiwa tarehe 1 Machi 2010, pandeni miti kwa wingi, ila msijenge kwenye kovu la zamani kwa kuwa tu limeota miti.