Santuri ya Marehemu Baba

Swali: Mhariri, marehemu baba ameniachia santuri ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, "What's Going On". Mbona nyimbo za upande wa kwanza zinaungana bila kituo? Msomaji, Magomeni.

Jibu: Ndugu msomaji, pole kwa msiba. Ziliunganishwa makusudi, kwa kuwa ni simulizi moja ya askari anayerejea nyumbani Marekani kutoka Vietnam, alikotumikia jeshini Frankie, mdogo wake Gaye. Nami kila niisikiapo humwona mjomba wangu sebuleni kwetu Ilala, akiifuta vumbi kwa kipande cha kanga kabla ya kushusha sindano taratibu, nasi watoto tumenyamaza. Usiiuze, ihifadhi wima, mbali na jua, kwani joto la Dar es Salaam huipinda.