Mbegu za kivumbasi hazioti

Dada, umesema ulizifukia kina cha kidole na mpaka leo kimya. Tatizo ni hapo hapo. Mbegu ya kivumbasi ni ndogo kuliko ufuta na inataka mwanga ili iote.

Chekecha udongo, changanya na mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri, ulowanishe kwanza. Nyunyiza mbegu juu, bonyeza kwa kiganja, basi. Usifukie! Maji nayo usimimine kwa kopo, zitasombwa zote zirundikane pembeni. Rashia kwa vidole asubuhi na jioni. Weka penye mwanga ila si jua kali la saa saba. Subiri wiki moja hadi mbili.

Miche ikifikisha majani sita, hamisha, uachie nusu mita kati ya shina na shina, maana huwa kichaka kabisa na hudumu miaka. Kata ncha na masuke ya maua ili kichipue pembeni. Na kama unakitaka haraka kwa kujifukiza mafua, omba kijiti kwa jirani uchomeke, kinashika.