Maswali na majibu: deni limefika shingoni, nini kinabaki kwako?

Tangu viwanja vya Dodoma vianze kupanda bei, barua nyingi ninazopata ni za watu waliokopa. Wiki hii nimezichukua hizo tu.

"Wakili, nimeshindwa kesi ya madai mahakama ya wilaya. Dalali wa mahakama anasema atabeba hata cherehani yangu na vyombo vya ndani. Anaruhusiwa?" (Fundi nguo, Chang'ombe)

Haruhusiwi, mama. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inataja vitu visivyokamatwa wakati wa kukazia hukumu, yaani kumlazimisha aliyeshindwa kesi alipe: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, na vifaa vya kazi vya fundi. Cherehani ndiyo kazi yako. Kama ameshaibeba, nenda leo kwa hakimu aliyetoa amri, usingoje mnada upigwe. Friji na televisheni sitakudanganya, hivyo vinakwenda.

"Na maksai wangu wawili na mbegu ya mtama?" (Mkulima, Chamwino)

Kinga ipo kwa zana za kilimo, na kwa mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona unazihitaji upate riziki. Maksai wawili wa plau unaweza kuwatetea. Zizi la ng'ombe 30, usitegemee.

"Naishi na mke na watoto Nkuhungu, nyumba tumeijenga wenyewe. Nasikia nyumba ya kuishi haikamatwi. Niliiweka rehani benki, sasa biashara imekufa. Nikitangazwa mufilisi si nitabaki nayo?"

Hapana, na swali hili nimelijibu hapa mara nyingi. Watu mnabeba nusu ya sheria mnaiacha nusu. Ni kweli nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake ina kinga dhidi ya mdai wa kawaida anayekazia hukumu. Wewe lakini uliitoa kwa sahihi yako. Benki yenye rehani haipangi foleni na wadai wengine. Haki yake iko juu ya nyumba hiyo, ufilisike usifilisike.

Kagua mambo matatu. La kwanza, mkeo aliridhia? Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kwa rehani ya nyumba ya ndoa. Nimewahi kuwekewa mezani fomu ambayo sahihi ya "mke" ilikuwa na mkia uleule wa herufi y kama ya mume, na wino uleule. Mama wa watu hakuwahi kuiona ile karatasi. La pili, benki iliwapa notisi ya siku 60 mlipe deni kabla ya kuuza? La tatu, bei. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba muuzaji hakutafuta bei nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo. Kusanya bei za nyumba za jirani sasa hivi.

Na kama una kiwanja Iyumbu au Nala, kiuze mwenyewe. Kiwanja kitupu hakina kinga yoyote, na mnadani hakitafika bei utakayoipata wewe.

"Nimhamishie shemeji shamba la zabibu kabla sijafungua shauri la ufilisi?" (Hombolo)

Usithubutu. Mahakama inaweza kubatilisha uhamisho huo, na kuficha mali kwa wadai ni jinai.

"Mimi ni mtumishi wa umma, Mtumba. Makato yamemaliza mshahara, na wakopeshaji wa mtaani wanashikilia kadi yangu ya benki."

Makato yanapaswa kukuachia theluthi moja ya mshahara wa msingi. Ndiyo maana wenye kausha damu, hao wakopeshaji wa mtaani, hawapiti kwa mwajiri. Wanataka kadi na namba ya siri, wakukombe mshahara ukiingia tu. Kesho asubuhi nenda benki, ifunge hiyo kadi, omba nyingine. Deni bado ni lako, lilipe, lakini kwa mkono wako. Waulize pia leseni ya Benki Kuu. Wakija vijana na kirikuu, kile kigari cha mizigo, kubeba sufuria ulizoziorodhesha kwenye fomu, waombe amri ya mahakama. Hawana, mwite mwenyekiti wa mtaa na polisi.

"Naweza kufungwa kwa deni?"

Ndiyo, kama mfungwa wa madai, hadi miezi sita. Mahakama lazima ikusikilize kwanza, na asiye na uwezo kweli aseme hivyo mbele ya hakimu badala ya kukimbia wito. Ukitoka, deni bado lipo.

"Nakwenda wapi kutangaza nimefilisika?" (Wasomaji wanne)

Mahakama Kuu. RITA mnayoijua kwa vyeti vya kuzaliwa ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na ndiyo inayosimamia mali ya mufilisi. Lakini mnakimbilia kitu msichokijua. Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, inakuachia vifaa vya kazi, nguo na matandiko, tena vya thamani ndogo. Ile kinga ya nyumba ya Sura ya 33 humo haimo. Mali utakayoipata kabla mahakama haijakuondolea ufilisi nayo inaingia kwenye fungu la wadai, ukurugenzi wa kampuni huupati bila ruhusa ya mahakama, na kukopa bila kumwambia mkopeshaji kwamba wewe ni mufilisi ni kosa.

Kwa deni la milioni tatu, ndugu zangu, mwandikieni mdai barua. Taja kiasi utakachoweza kulipa kila mwezi na tarehe ya kuanza, mwambie asaini kupokea, na nakala ibaki kwako.