Maswali na Majibu: ZPPP, chama cha viti vitatu

*Wazee wangu wa Pemba walikitaja sana chama cha ZPPP. Kilitokea wapi?*

Kilitoka ndani ya Afro-Shirazi Party (ASP) mwishoni mwa 1959. Jina lake refu ni Zanzibar and Pemba People's Party, na kiongozi wake alikuwa Mohammed Shamte Hamadi, Mshirazi wa Pemba, yaani mmoja wa wenyeji wa visiwa wanaojihesabu kuwa na asili ya Uajemi. Shirazi wengi kule waliona ASP imeelemea mno kwa wenye asili ya bara. Na Pemba haikuwa Unguja: Washirazi wengi walimiliki mikarafuu yao wenyewe, mashamba yao yakipakana na ya Waarabu, na watu walioana. Chuki ya ardhi iliyowaka Unguja huko haikuwa na kuni nyingi.

*Vyama vyote si vilitaka uhuru? Viligombania nini?*

Vilitaka uhuru vyote. Vilichogombania ni nani atakabidhiwa nchi Mwingereza akiondoka.

*Viti vitatu vinawezaje kuamua serikali?*

Hapa ndipo penye utamu wa Zama za Siasa, yaani miaka ya ushindani wa vyama kabla ya uhuru, na uchungu wake pia. Katika uchaguzi wa Januari 1961 palikuwa na viti 22. ASP ilipata 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party), yaani Hizbu, ikapata 9, na ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake ASP ililipata kwa kura moja tu! Wabunge watatu wa ZPPP walipaswa kuamua, wakashindwa kukaa pamoja: wawili wakaenda Hizbu, mmoja akarudi ASP. Ikawa 11 kwa 11, hakuna serikali.

Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo, jimbo likaongezwa yakawa 23. Safari hii ZPPP na Hizbu waliafikiana kutogombea dhidi ya wenzao. ASP ikapata 10, Hizbu 10, ZPPP 3 tena, na Shamte akaongoza serikali. Lakini siku za uchaguzi zilimwaga damu: watu 68 waliuawa Unguja. Mimi siwezi kuzungumzia ushindi ule bila kuwakumbuka maiti hao.

*Kwa hiyo kilikuwa mkia wa Hizbu?*

Jina hilo si la haki kwa wafuasi wake, walioingia kwa hofu na matumaini yao wenyewe. Lakini kwa viongozi nadhani lina ukweli. Chama kilichozaliwa kulinda sauti ya Washirazi kilifika mahali hakiwezi kusema "hapana" kwa mwenzake, maana bila Hizbu hakingekuwa na serikali. Julai 1963 kilipanda hadi viti 6 kati ya 31, Hizbu 12, ASP 13. Shamte alibaki madarakani, ingawa ASP pekee ilipata takriban asilimia 54 ya kura. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo ya Unguja. Hizbu na ZPPP walishinda kwa tofauti ndogo, hasa Pemba. Sheria ilifuatwa, lakini zaidi ya nusu ya wapiga kura walijiona wameporwa nchi, na serikali ya Shamte haikufanya la kutosha kuwatuliza.

*Kiliishaje?*

Uhuru ulikuja 10 Desemba 1963, Shamte akiwa Waziri Mkuu. Siku 33 baadaye, 12 Januari 1964, Mapinduzi. Sultani Jamshid akaondoka kwa meli, mawaziri wakakamatwa, na Shamte mwenyewe akafungwa bara. ASP ikabaki chama pekee. ZPPP haikupata hata mkutano wa kujivunja.